Kutoka Malindi kwenda kuangalia wanyama wa karatasi: siku nane Japani

Nimerudi wiki ya tatu sasa na kila nikikaa barazani swali ni lile lile, ulienda kufanya nini Japani? Nikisema nilienda kuangalia picha za wanyama watu wanacheka, eti mtu atoke kwenye simba na ndovu wa kweli apande ndege aende kuangalia wa karatasi. Haya basi, hii hapa safari yote, nimeijenga upya kutoka kwa daftari na picha za simu. Picha ni chache, sehemu nyingi hawaruhusu kupiga, kwa hivo daftari ndilo lililofanya kazi.

Mi ni fundi wa kuchora. Mabango, kuta za vibanda, na mashua, yale macho ya kwenye omo. Nimechora simba pengine mara mia kwa sababu mteja anataka simba, lakini sijawahi kuulizwa simba yule anasema nini. Nikaanza kuangalia michoro ya zamani ya Kijapani kwenye simu, nikaona kule kila mnyama ana maneno yake, korongo ni maisha marefu (wanasema korongo miaka elfu, kobe miaka elfu kumi), bata wawili ni ndoa, kerengende ni askari maana wanasema haruki kurudi nyuma. Nikaweka pesa kidogo kidogo miaka minne.

Hesabu rahisi: nilipokwenda yeni 100 ilikuwa kama shilingi 85 za Kenya, na bei zote hapa ni za wakati ule. Ukiona bei ya yeni ipunguze kidogo tu, ushapata shilingi.

Siku ya 1, Jumamosi 8 Februari. Kansai mpaka Kyoto

Nilitua Kansai jioni, begi langu halikutua. Ndege ya kwanza ilichelewa kufika Ghuba, mi nikakimbia nikawahi ya pili, begi halikukimbia. Ndani kulikuwa na jaketi, soksi na sweta alonisukia dada yangu. Nje digrii nne, mi na shati la mikono mifupi. Yule wa kaunta akainama akaomba msamaha mara tatu, nikashindwa hata kukasirika.

Basi la kwenda Kyoto karibu yeni 2,800, usingizi njia nzima. Hosteli nilifika nimekunja mikono kwapani kama kuku mgonjwa. Dada wa mapokezi hakuuliza kitu, akaenda nyuma akarudi na jaketi la mtu aliyelisahau, kubwa, la rangi ya zambarau, akanipa na vipakiti viwili vya joto, vile unavipasua unaweka mfukoni vinawaka moto masaa. Lile jaketi nilivaa siku tatu mpaka begi lilipofika. Kila picha yangu ya Kyoto mi ni bilingani.

Kabla ya kulala nikaingia duka la usiku kutafuta wali na samaki. Kwenye friji kuna makopo ya bia yana mnyama kachorwa, mwili kama wa farasi, magamba, sharubu zinapepea. Mi sinywi lakini mchoro ni mchoro, nikamuuliza kijana wa duka kwa ishara huyu nani. "Kirin." Nikaandika kwenye daftari, kirin, nikasahau.

Siku ya 2. Kasri ya Nijo

Kuingia kasri pamoja na jumba la Ninomaru yeni 1,300. Kasri ilijengwa 1603 kwa amri ya Tokugawa Ieyasu, shogun, yaani mtawala wa kijeshi wa Japani, na michoro ya ndani nyingi ni ya 1626, wakati kundi la wachoraji wa ukoo wa Kano lilipopewa kazi ya kuandaa jumba kwa ajili ya kumpokea mfalme. Mkuu wao alikuwa Kano Tan'yu, kijana wa miaka ishirini na kitu tu.

Unavua viatu, unatembea kwenye mbao, na mbao zinalia chini ya miguu kama ndege. Chumba cha kwanza cha wageni kusubiri ni chui milia watupu. Ukuta mzima dhahabu na mianzi, na wao wanazurura, wamelala, wanakuangalia. Hebu fikiria wewe ni bwana mkubwa wa mkoa, umesafiri wiki mbili kuja kumsalimia shogun, unaambiwa kaa hapa usubiri, na umezungukwa na hawa. Ukifika mbele yake ushalainika. Vyumba vya ndani zaidi ni misonobari mikubwa na mwewe, mwewe ni wa wapiganaji, anaangalia kutoka juu kabisa.

Sasa kitu kilichonichekesha. Kati ya chui milia kuna chui, chui wetu hasa, wa madoadoa. Maelezo yanasema wachoraji wa zama zile walidhani chui ndiye jike la chui milia! Japani hakuna hata mmoja wao, walikuwa wanaona ngozi tu zimeletwa na meli, ngozi ya mistari na ngozi ya madoa, wakasema basi huyu mume na huyu mke. Nikacheka peke yangu mpaka askari akaniangalia, halafu nikanyamaza, manake sisi kwa Kiswahili tunamwitaje? Chui milia. Chui mwenye mistari. Na sisi hatukuwa naye, tukamwita kwa jina la yule tunayemjua. Na mi mwenyewe chui milia sijawahi kumwona kwa macho.

Kwa atakayekwenda: michoro mingi ndani ya jumba ni nakala nzuri sana, za asili zinahifadhiwa kwenye jengo la maonyesho mle mle kasrini na huoneshwa kwa zamu. Na vaa soksi nzito wallahi, ile mbao ni barafu.

Chakula, udon (tambi nene za ngano) ya yeni 500. Kama huli nguruwe jifunze neno "buta", na "niku" ni nyama, ukisema "niku nashi", bila nyama, wanakuelewa. Supu yenyewe kawaida ni ya samaki.

Siku ya 3. Nanzen-ji, halafu soko la Nishiki

Hekaluni Nanzen-ji wana chui milia wengine wanaosemwa ni wa Tan'yu, mmoja anakunywa maji kwenye mianzi. Mbona kila siku mianzi? Kulikuwa na mzee anazunguka na mjukuu wake, Kiingereza chake kidogo na changu kidogo tukajumlisha, akaniambia chui milia anajificha kwenye mianzi kwa sababu ndovu ni mnene hawezi kupita. Yaani hata mwenye nguvu ana pa kujifichia. Na chui milia ni upepo, joka ni maji na mawingu, ndo maana wanachorwa wawili wawili.

Halafu akanipeleka kwenye bustani ya mchanga na mawe, akasema jina lake ni "kuvusha watoto wa chui milia". Hadithi ni hii: chui milia ana watoto watatu, mmoja wao ni chui mkali, ukimwacha na ndugu yake atamla. Mama anataka kuvuka mto na anaweza kubeba mmoja tu kwa mara moja. Afanyeje?

Jamani. Nilipiga kelele hapo hekaluni. Hii si ile ya chui, mbuzi na majani? Ile ya mtu na mtumbwi, tuliyoulizwa na bibi usiku? Nikamkatiza nikamchorea kwenye daftari, mtumbwi, chui, mbuzi, majani, nikamwonesha anavusha mbuzi kwanza, anarudi, anavusha majani, anarudi na mbuzi... Mzee akaangalia, akahesabu kwa kidole, akampa mjukuu daftari. Mara saba kuvuka, kwao na kwetu. Mtoto alikuwa ameshachoka na mawe, akachangamka akaanza kuvusha kokoto kwenye ngazi. Mzee alininunulia chai na keki ya maharagwe matamu, nikataka kulipa akakataa kabisa.

Jioni Nishiki. Soko jembamba limefunikwa juu, samaki, achari, mayai ya kukunja kwenye kijiti. Nilikwenda makusudi maduka yakifungwa, kwa sababu milango ya chuma ya maduka imechorwa picha za Ito Jakuchu na unaziona ikishushwa tu. Jakuchu alizaliwa hapo hapo 1716, kwao walikuwa na duka la jumla la mboga, na biashara hakuitaka, alipofika miaka kama arobaini akamwachia mdogo wake akakaa kuchora. Alifuga kuku wengi uani akawa anawakodolea macho tu mpaka akawajua kila unyoya. Ile kazi yake kubwa, picha thelathini za kutundika zenye ndege, samaki, vyura, wadudu, aliipa hekalu, leo iko kwenye hazina ya mfalme.

Na jogoo kumbe ana sifa tano, ni mambo ya zamani kutoka Uchina: kilemba chake ni elimu, kucha zake ni silaha, anapigana bila kuogopa, akiona chakula anaita wenzake, na anawika kwa wakati bila kukosa. Kwetu Kenya jogoo alikuwa chama, KANU, watu wa umri wangu wanajua, ukimwona unakumbuka kidole kimoja juu. Nimerudi na jogoo wa Jakuchu kwenye kitambaa, yeni 900, na mama kamkataa sebuleni.

Siku ya 4. Kozan-ji, vyura

Basi la JR (shirika la reli) kutoka stesheni ya Kyoto mpaka Togano-o karibu saa nzima, linapanda milimani na misonobari inafunga pande zote. Nilikuwa peke yangu na bibi wawili. Theluji kidogo pembeni ya njia, ya kwanza maishani mwangu, nikaishika, nikaiacha.

Hekalu hili ndo nyumbani kwa zile karatasi za kuviringisha kama mkeka, nne, za karne ya 12 na 13, ambazo ndani yake sungura, vyura na nyani wanafanya mambo ya watu. Wino tu, hakuna rangi, hakuna hata neno moja limeandikwa. Zenyewe ziko kwenye makumbusho ya Tokyo na Kyoto, hapa wanaonesha nakala, kuingia chumba chenyewe yeni 1,000. Najua wengine wataona hasara kulipia nakala. Mi nilikaa saa moja na nusu.

Chura anapigana mweleka na sungura, anamng'ata sikio, halafu sungura yuko chali na chura kanyoosha mikono anapumua moto wa ushindi, na wenzake nyuma wamekufa kwa kicheko, mmoja kalala kabisa anashika tumbo. Unakiona kicheko kwenye mgongo wa chura, kwa mistari mitatu! Kisha kuna chura kakaa kama Buddha, nyuma yake jani la mgomba ndo nuru, na nyani kavaa joho la utawa anasoma dua mbele yake, anasoma hewa. Mtu alichora hivi kwenye nchi ya watawa na karatasi zikatunzwa na hekalu karne nyingi. Sisi sungura wetu hajawahi kupigwa mweleka na chura, angemdanganya mapema. Kwao mjanja wa kugeuka geuka ni mbweha, sungura yeye ana kazi mwezini, anatwanga mchele kwenye kinu.

Nikakosa basi la kurudi. Lililofuata dakika arobaini, giza linaanza na baridi ile. Bibi mmoja wa wale wa asubuhi akatoka kwenye kijiduka, akanivuta kwa mkono wa jaketi langu la zambarau, akanikalisha karibu na hita na kunipa viazi vitamu vya kuchoma. Hatukuelewana neno. Basi lilipokuja alitoka nje akalisimamisha mwenyewe.

Piga picha ratiba ya basi ukishuka tu, usiamini kumbukumbu yako.

Siku ya 5. Joka na ndovu

Begi limefika! Asubuhi nikafua. Baadaye hekalu la Kennin-ji, yeni 800, na hapa picha ruksa. Dari la ukumbi ni majoka mawili, ukubwa wa mikeka 108 ya tatami, kazi ya Koizumi Junsaku ya 2002 kuadhimisha miaka 800 ya hekalu, aliyachora karibu miaka miwili kwenye jimu ya shule huko Hokkaido. Joka kwao si yule wa kutema moto, huyu ni wa maji. Hekalu ni la mbao, adui yake moto, kwa hivo unamweka mwenye maji juu yako, darini. Kama mchoraji nilifikiria shingo tu, kuchora kitu kitakachoangaliwa kutoka chini.

Mchana Yogen-in, hekalu dogo karibu na ukumbi mrefu wa Sanjusangendo. Lilijengwa upya 1621 na Tawaraya Sotatsu akachora milango ya mbao ya mwerezi, ndovu weupe, simba wa Kichina na kirin. Dari la baraza ni mbao za kasri ya Fushimi zilizolowa damu ya askari waliokufa 1600, mwongozaji anakuonesha alama za mikono kwa fimbo, sikutaka kuangalia sana.

Ndovu, lakini! Mi ndovu namjua, nimemwona Tsavo kavuka barabara gari zimesimama. Huyu hafanani na wa Tsavo hata kidogo, mweupe, mviringo, mstari mmoja mnene umezunguka mwili kama puto, amejaza mlango mzima. Na bado ni mzito. Unahisi mlango utaanguka. Nilikaa nikijiuliza mi ninayemjua ndovu nimewahi kumchora mzito hivi? Weupe ni wa dini, ndovu mweupe hubeba mtakatifu wao Fugen. Hakuna mtu alomtuma Sotatsu kuchora ndovu wa porini.

Ndovu wa kweli waliletwa mara chache. Yule maarufu alikuja Nagasaki 1728 kutoka Vietnam, shogun Yoshimune alimtaka, wakaja dume na jike, jike akafa, dume akatembea kwa miguu mpaka Edo, ndiyo Tokyo ya leo. Akipita Kyoto mwaka uliofuata mfalme alitaka kumwona, na inasimuliwa kwamba ilibidi apewe cheo kwanza maana asiye na cheo haingii kwa mfalme. Ndovu mheshimiwa. Jakuchu alikuwa na miaka kumi na tatu mjini humo humo, na uzeeni alichora ndovu mweupe na nyangumi wakiangaliana. Mi napenda kufikiria alikuwa kwenye umati, kapanda juu ya gunia la figili.

Siku ya 6. Kotohira, ngazi 785

Siku ghali. Treni ya kasi mpaka Okayama, halafu nyingine inavuka daraja kubwa la Seto kuingia kisiwa cha Shikoku, zaidi ya yeni 10,000 kwenda tu. Mabasi ni nafuu mpaka Takamatsu, kisha treni ndogo karibu saa nzima. Mi nilikwenda kwa treni nikarudi kwa basi, na chakula cha jioni nikakata.

Hekalu la Kotohira-gu liko mlimani, ngazi 785 mpaka lile kuu. Maduka ya chini yanaazima fimbo za mianzi, chukua. Ni hekalu la watu wa bahari, mabaharia ndo wanaomba hapa, ukumbi mmoja umejaa picha za meli. Na jina Konpira, ambalo watu huliita hekalu hili, limetoka India, asili yake ni mamba wa mto Ganges. Mtu wa Malindi nikajisikia niko kwa jirani.

Katikati ya ngazi kuna nyumba ya wageni ya zamani, Omote-shoin, na chui milia wa Maruyama Okyo wa 1787. Okyo alikuwa mtu wa kuchora anachokiona, shida ni kwamba chui milia hakumwona, alikuwa na ngozi, na mitaani paka. Basi manyoya ni ya kweli kabisa, unataka kuyapapasa, na chini ya manyoya ni paka. Paka wa sokoni pale kwetu anayesubiri utumbo wa samaki. Baada ya wale wa Nijo waliotaka kunitisha, hawa niliwapenda zaidi, kusema kweli.

Njiani kuna sanamu ya mbwa ana mfuko shingoni. Zamani mtu asiyeweza kuja kuhiji alimtuma mbwa wake, anamfunga mfuko wenye jina na pesa za chakula, na wasafiri wasiomjua wanamlisha na kumsukuma mbele mpaka hekaluni, kisha nyumbani. Nikapiga picha na yule mbwa, nikakumbuka jaketi la zambarau na viazi.

Siku ya 7. Miguu imekataa. Nililala, nikala, usiku nikapanda basi la Tokyo, yeni 6,500, beba mto wa shingo.

Siku ya 8, Jumamosi. Ueno

Makumbusho ya Taifa, yeni 1,000, na kutoka hapo ni kutembea tu mpaka bustani ya wanyama, yeni 600. Sikuwa na nia ya kuingia. Kwetu niwe na twiga halafu nilipie twiga? Lakini ndege ni usiku na begi liko loka.

Mbele ya uzio wa twiga watoto wamejazana wanapiga kelele, kirin! kirin! Nikaangalia huku na huku kumtafuta yule wa kopo la bia. Kumbe ni twiga. Kwa Kijapani twiga jina lake kirin, hana lingine. Walipoletwa wa kwanza hapa Ueno 1907 waliitwa hivo. Yule kirin wa kwenye milango ni mnyama wa heri, hatokei ila mtawala akiwa mwema, na mwaka 1415 watu wa Malindi, wa kwetu, walimpelekea mfalme wa Uchina twiga kwa meli, na wale wakaona huyu ndiye yule yule, kwa Kichina qilin. Shuleni tulisoma habari ya yule twiga kama mzigo, kama vile pembe au ngozi. Kumbe alishuka melini kitu kingine.

Pembeni yangu kulikuwa na babu mmoja na mjukuu begani. Nikashindwa kunyamaza, nikatoa simu ya kutafsiri nikaiambia kwa Kiingereza changu, kirin mmoja alitoka mji wangu akapanda meli, miaka 600 iliyopita. Simu ikasema kitu. Babu akafungua macho, akanitazama kutoka kofia mpaka viatu, akacheka, akainua mkono kama kashika gilasi akaimeza hewa. Nikatikisa kichwa, hapana, si bia, huyu, huyu! Nikaonesha twiga, nikaonesha kifua changu. Mjukuu akaonesha twiga, akaonesha kifua changu, akasema "kirin".

Twiga wako upande wa magharibi wa bustani, unavuka daraja. Wanafunga saa kumi na moja jioni, na Jumatatu hawafungui.